Kurasa Mbili za Sukari

Garsen, 14 Septemba 1997

Kwa Najib Mahamed, aliyeko Mombasa,

Assalamu alaikum. Huku sisi ni wazima, mbuzi ni wazima, na hoteli yangu ni nzima isipokuwa bati moja ambalo upepo umelibeba mpaka kwa Hawo jirani, naye sasa anaapa ni lake tangu zamani. Mto uko chini sana. Watu wa Chara wanatuletea kambare wadogo kama vidole na wanawasifu kama ng'ombe.

Mwandishi ni dada yako Nimo, maneno ni yangu. Mimi kalamu siijui. Wenye kalamu wote wa Garsen wanakunywa chai kwangu, na sijaona imewaongezea akili.

Nilichotaka kusema ni hiki. Marehemu kaka yangu Mahamed aliniachia ninyi wawili. Wewe umetoka bingwa wa vitabu, huyu ametoka mvivu. Nimo anasita kuandika hapa. Nimemwambia, andika hivyo hivyo.

Tangu mwezi wa saba hawezi kubeba jerikeni moja kutoka mtoni bila kukaa chini mara tatu. Akilifikisha, analinywa yeye. Usiku mzima ni kwenda nje na kurudi. Anakula kama wavunaji wa mpunga, na mbavu zake nazihesabu nikiwa mlangoni. Nyuma ya nyumba, pale anapochuchumaa akishindwa kufika chooni, sisimizi wamejipanga kama wanangoja mgao wa chakula. Mtihani wake wa darasa la nane ni Novemba, naye analala juu ya kitabu.

Usifikiri nimekaa tu. Nimemtibu. Chai ya maziwa, vijiko vitano vya sukari, asubuhi na jioni. Mchana namkorogea glukosi ya paketi kutoka duka la Abdullahi. Tende pia. Mtu asiye na nguvu hupewa sukari, jambo hilo hata mtoto analijua. Lakini kadiri ninavyompa ndivyo anavyokonda. Basi ama ni uvivu, ama ni jini, ama ni kitu ambacho ninyi wasomi mmekipa jina.

Wewe uliyesomeshwa udaktari kwa ng'ombe wa baba yako mpaka zizi likabaki na mavi matupu, niambie ni nini. Jibu kwa maneno machache. Barua yako ya mwisho ilinichosha.

Shangazi yako,
Kaltuma


Mombasa, 3 Oktoba 1997

Kwa shangazi yangu, Edo Kaltuma,

Wa alaikum salaam. Barua yako imenifikia ikinuka samaki wa dereva. Mimi ni mzima. Chumbani tunalala wanne na wawili wanakoroma. Nyama ya huku ungeiona ungelia. Ningekuja mwenyewe, lakini nina mtihani wa mwaka wa pili na siwezi kutoka.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu sipendi kurudia. Nilipofika kwenye vijiko vitano na glukosi ya paketi, niliificha barua yako chini ya godoro. Sikutaka wenzangu wajue kwamba natoka kwa watu wa namna hii.

Sukari si nguvu, Edo. Sukari ni kuni, na kuni zilizorundikwa nje ya jiko hazichemshi chai. Mwili wa mgonjwa, kama mwili wa mtu yeyote, umejengwa kwa seli, vijumba vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Chakula kikishasagwa tumboni, kiwe ugali, wali au tende, sehemu kubwa hugeuka sukari iitwayo glukosi, ikaingia kwenye damu na kuzungushwa mwili mzima. Ndani ya seli glukosi hukatwa vipande viwili, na hapo hupatikana nguvu kidogo tu. Vipande hivyo huingia katika vinu vidogo viitwavyo mitokondria, ambamo huunguzwa polepole kwa oksijeni tunayoivuta puani. Hakuna moto wala moshi. Kinachobaki ni maji pamoja na ile hewa tunayoitoa tukipumua. Nguvu inayopatikana hupakiwa katika kemikali iitwayo ATP, na hiyo ndiyo inayonyanyua mkono wa mgonjwa na kubeba hilo jerikeni ulilolifanya kipimo cha uvivu.

Lakini glukosi haijiingizii tu kwenye misuli ipendavyo. Lazima kuwe na insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Kongosho la mgonjwa limeacha kazi. Kwa hiyo sukari yako yote imejaa kwenye damu, na seli zina njaa katikati ya karamu. Figo zinaitupa nje kwa mkojo, inatoka na maji mengi, ndiyo maana ya kiu. Kila kijiko ulichompa mgonjwa kimeishia nyuma ya nyumba. Walioshiba kwa matibabu yako ni sisimizi.

Mwili ukikosa cha kuunguza huanza kujila wenyewe. Huunguza mafuta ovyo, na mafuta hayo hutoa tindikali inayonuka mdomoni kama tunda lililoiva kupita kiasi. Ikifika hapo, hatari iko mlangoni. Huu ni ugonjwa wa kisukari. Mgonjwa apelekwe hospitali mara tu usomapo barua hii, aanzishiwe sindano za insulini, na atachomwa kila siku maisha yake yote. Mgonjwa asipopata sindano atakufa, pengine kabla ya mwaka kwisha.

Nisalimie majirani. Mwambie Hawo akurudishie bati.

Najib


Garsen, 26 Oktoba 1997

Kwa bwana vinu, Najib,

Salamu kama ilivyo ada. Mvua imeanza na si mvua ya kawaida, inanyesha kama iliyotukanwa. Mto umepanda mpaka kwenye migomba. Wazee wanasema haujafanya hivi tangu mwaka wa sitini na moja, lakini wazee hawa hawakumbuki hata walikunywa chai wapi jana.

Nimo amenisomea barua yako mara mbili. Nikasema, soma tena, labda kuna kitu kimenipita. Akasoma. Vijumba, vinu, hewa, kongosho, kuni nje ya jiko, halafu sisimizi wameshiba, halafu nisalimie majirani. Kurasa mbili, Najib! Nilikuuliza nifanye nini, ukanieleza jinsi ulivyo na akili. Hukutaja dawa. Hukutaja daktari. Mtu akija hotelini kwangu na njaa, mimi simwelezi jinsi mahindi yanavyoota.

Na huyo mgonjwa unayemtaja kila mstari ni nani? Mimi nilikuuliza habari za Nimo.

Nimemwambia aandike pia hili: sasa ameongeza wizi juu ya uvivu. Juzi nilimkalisha nimsuke nywele, mdomo wake ukanuka embe bivu. Embe za kwetu bado ni mbichi. Nimemuuliza ameiba kwa nani, hajibu. Tena chai yangu haitaki. Nikimwekea sukari anaimwaga nikigeuka, anasema ameichoka tu. Ukimtazama hivi utadhani anafunga.

Mtihani umebaki siku chache. Anasema akimaliza mtihani atapumzika. Mimi sijui anapumzika kutokana na kazi gani.

Kaltuma


Mombasa, 10 Novemba 1997

Edo,

Sina salamu ndefu. Barua yako imefika leo. Redioni wanasema barabara ya Garsen imekatika, kwa hiyo sijui hii itapita vipi.

Nilikuandikia kwa maneno yaliyo wazi. Hospitali niliitaja, sindano nilizitaja, kifo nilikitaja. Hata harufu ya mdomo niliitaja, nawe unanirudishia hadithi ya wizi wa embe. Ama unanidhihaki, ama umeamua kwamba hakuna kinachoweza kuwa kweli mpaka kitoke kinywani mwako. Miaka yote umekuwa hivyo. Ulimwambia baba vilevile alipotaka kwenda kupimwa kifua, ukamchemshia mizizi, nasi tukamzika.

Mimi wajibu wangu nimeutimiza. Sitaandika tena. Litakalotokea litakuwa juu yako.

Najib


Garsen, 3 Februari 1998

Najib,

Idi imepita, tulikula tulichopata. Mto umerudi mahali pake ila umetuachia matope hadi nusu ya ukuta, na jiko la hoteli nimelifukua kwa jembe. Mbuzi kumi na mmoja wamekufa. Lile bati maji yamelichukua, kwa hiyo mimi na Hawo hatuna tena cha kugombania.

Umeshaona kwamba mwandiko si wa Nimo. Anayeandika ni Mwalimu Jefwa wa darasa la nane. Najua macho yako yanakimbilia chini kutafuta jina la dada yako. Usikimbie. Wewe ulinipa vinu kwanza, neno la kufa ukaliweka mwisho karibu na salamu za majirani. Nami nakupa habari kwa mpangilio wako huohuo.

Novemba maji yaliingia sokoni. Watoto walipelekwa kwenye mtihani kwa mtumbwi, shule iko mwinuko. Nimo alikwenda siku zote tatu. Siku ya tatu alirudisha karatasi ya mwisho, akalaza kichwa kwenye dawati, wenzake wakainuka yeye hakuinuka. Mwalimu Jefwa alimbeba mgongoni kwenye maji ya magoti mpaka kwangu. Alikuwa amelala, lakini anahema kama mtu aliyekimbia kutoka Wenje.

Nilifungua sanduku lake nitafute kanga kavu. Chini ya kanga nikakuta barua yako. Nikampa Mwalimu, nikamwambia, nisomee, labda humu kuna dawa. Akasoma vinu, akasoma sisimizi, nami nikawa namwambia haya nayajua, endelea. Akafika mahali ambapo sijawahi kupasikia. Tunda lililoiva. Hospitali mara tu usomapo. Asipopata sindano atakufa. Nikamwambia soma tena. Akasoma tena. Mimi Kaltuma sijawahi kulia mbele ya mwanamume asiye wa ukoo wangu. Siku ile nililia mpaka Mwalimu akaiweka barua chini.

Mimi ndiye niliyemwandikisha kwamba ni mvivu. Kwa mkono wake mwenyewe! Nikamwandikisha kwamba ni mwizi, naye ameshika kalamu, anajua ni nini kinachonuka mdomoni mwake. Hilo nitakwenda nalo kaburini na sitaki unipunguzie.

Mvuvi wa Chara alitupakia kwenye mtumbwi wake juu ya nyavu, tukavuka mafuriko hadi Minjila. Kule kulikuwa na lori lililoleta unga wa msaada, linarudi tupu Malindi. Nilimshika Nimo mapajani juu ya magunia matupu njia nzima. Dereva aliuliza kama yu hai, nikamwambia aangalie barabara.

Hospitali kulikuwa na daktari mwanamke. Alipomaliza kumtundikia maji na kumchoma sindano alikaa na mimi, naye akaanza na vijumba na vinu kama wewe. Nikamwambia, ngoja daktari. Wiki nzima magunia ya unga yako Minjila, yamejaa, na sisi Garsen tuna njaa kwa sababu hakuna mtumbwi wa kuyavusha. Unga ni sukari, Garsen ni hizo seli zenu, mtumbwi ni sindano. Akasema, ndiyo mama, ni hivyo hasa. Na mimi na vijiko vyangu vitano kumbe nilikuwa naongeza magunia Minjila. Umeona? Maneno machache. Nilikuomba hayo tangu Septemba.

Barua yako ya Novemba imefika wiki iliyopita, kwenye gunia la posta lililolowa. Mwalimu aliisoma ameinamisha uso. Umesema wajibu wako umeutimiza. Wewe unajua njia yote ya sukari, kutoka mdomoni mpaka ndani ya kinu, lakini njia ya Mombasa kufika Garsen, ya siku moja kwa basi, huijui. Ulikuwa na mtihani. Naye alikuwa na mtihani, Najib. Alijua kwamba nikisikia yale maneno nitambeba siku ileile, aukose. Kwa hiyo akayaruka, akajinyima sukari kivyake, akahesabu siku. Ya baba yako na mizizi sikujibu. Hayo ni kweli, na unajua kwamba najua.

Sasa umefika unapopataka. Yu hai. Siku ya nne alifumbua macho akaomba maji, akalalamika kwamba mkono unauma. Alilala Malindi wiki tatu. Mtihani amefaulu. Ramadhani hakufunga, daktari alimkataza, nami nilimlinda kama polisi. Muuguzi alitaka kunifundisha kuchoma sindano kwa kuchoma chungwa, nikamwambia ampe chungwa lake mtoto ale, mimi nimechoma ng'ombe tangu yeye hajazaliwa. Akanikatalia, nikachoma chungwa. Dawa naiweka ndani ya mtungi uliofukiwa kwenye mchanga mbichi, haijaharibika hata chupa moja.

Leo nimemwita Mwalimu aandike kwa sababu sikutaka Nimo ayaandike haya. Nilimuuliza kule Malindi kwa nini alinificha. Akasema habari ya mtihani. Baadaye akasema, "Edo, barua nzima haikuwa na jina langu. Ilisema mgonjwa, mgonjwa. Nikajiambia labda si mimi."

Kaltuma


Mombasa, 12 Februari 1998

Nimo,

Wewe ndiye utakayesoma, kwa hiyo naanza na wewe. Nakuja. Nitapanda basi la Jumatano, tarehe kumi na nane. Nitaleta sindano na chupa sita za insulini ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Mwambie Edo nimeielewa ile habari ya Minjila, na kwamba nimemwandikia mwalimu wangu wa chuo mfano huohuo.

Mpaka hapo msomee Edo. Yanayofuata usimsomee, ni yako.

Nilihesabu. Nilikuita mgonjwa mara sita. Siku niliyosoma habari za sisimizi nilijua papo hapo, kabla sijafika mwisho wa ukurasa, na nilikuwa naisoma kwa mwandiko wako. Nilijaribu kuandika jina lako mbele ya neno "atakufa" na mkono ukakataa. Ndipo nikakimbilia vinu. Huko hakuna mtu, kuna glukosi tu, na glukosi naijua. Yale matusi kwa Edo yalikuwa woga. Mtihani ule ningeweza kuuacha. Niliogopa kuja kukuona umekonda.

Nilipoona mwandiko wa Mwalimu Jefwa, sikukimbia mistari kama Edo alivyodhani. Niliikunja barua nikakaa nayo siku mbili bila kuisoma.

Nisamehe, Nimo. Ukikataa pia ni haki yako.

Najib


Garsen, 15 Februari 1998

Kwa Najib,

Salamu. Mwandishi ni Nimo, amerudi kazini. Hii nampa dereva wa leo ili ikufikie kabla hujapanda.

Tumesikia kwamba unakuja. Usije na peremende, na usije na uso wa msiba, hapa hakuna aliyekufa ila mbuzi. Utalala hotelini, nyumbani ukuta bado ni mbichi. Saa moja asubuhi utakuwepo nikimchoma sindano, uone jinsi mtu asiyejua kusoma anavyojua kuhesabu alama za bomba. Ukianza kunieleza vinu nitakupa jembe ukachimbue matope.

Kuna jambo moja. Andika, Nimo, usinitazame. Barua yako alinisomea mistari mitano, akaikunja, akaiweka kifuani. Mimi herufi sizijui lakini si kipofu. Karatasi ilikuwa imejaa mpaka chini.

Safari hii sikumwambia asome tena.

Kaltuma